Skrubu Ndefu Mahali pa Fupi

Skrubu yenyewe ilikuwa ya shilingi kumi. Kosa lake lilinigharimu elfu nne mia mbili na ishirini: boda mia saba na hamsini, paipu mpya ya breki elfu mbili mia sita, mafuta ya breki mia tatu na hamsini, mia tano za mteja aliyenisubiri akachoka akahamia kwa jirani yangu, na chai ya shilingi ishirini niliyoilipia nikaiacha mezani. Nimehesabu mara mbili. Mara zote mbili imetoka hivyo, na mara zote mbili kinachoniuma zaidi ni ile chai.

Ninyi mnaoshika bisibisi sasa, sikusudii kuwatisha. Nakusudia kuwatisha kidogo tu, kiasi cha kutosha.

Naitwa Fundi Saidi. Nimezaliwa Kisii mjini, nyumba yetu iko nyuma ya soko, na Kiswahili ndicho tulichonyonya. Nilianza na baiskeli, pikipiki zikanikuta hapo hapo. Spana nimeziweka chini mwaka juzi, macho yalipoanza kuniletea skrubu mbili mahali penye moja. Kwa mtu anayehesabu kila kitu mara mbili, hiyo inakuwa nne. Nikaona nipumzike.

Wenzangu walipenda injini. Injini ina sifa. Ukiifungua, watu husimama kutazama. Mimi niliishia kwenye kava, yale maganda ya plastiki yanayofunika taa, tangi na mbavu za pikipiki. Hakuna anayesimama kumtazama mtu akibadilisha vifungio vya kava. Lakini kwa milima hii yetu na mashimo haya, vifungio ndivyo vya kwanza kutoroka: skrubu moja inabaki Mosocho, pini moja inabaki Ogembo, na mwenye pikipiki anafika nyumbani kava inampigia makofi.

Aliyenifundisha ni Fundi Ombati. Alikuwa mtu wa maneno machache, na mengi ya hayo machache yalikuwa ya kuudhi. Siku ya kwanza alinipa kava ya pembeni niifunge. Nikakaza skrubu ya kwanza mpaka mwisho, nikajiona fundi. Ya pili ikaingia kwa shida. Ya tatu nikakuta tundu limehama nusu kidole. Nikaivuta kava ifike kwa nguvu, ikapasuka.

"Umeoa?" Ombati akaniuliza.

"Bado."

"Nilijua. Wewe ni wa kufungisha ndoa kabla bibi harusi hajafika."

Ndipo akanionyesha. Skrubu zote zianze kwa vidole, mizunguko miwili au mitatu kila moja, mpaka zote ziwe zimeingia mlangoni. Kisha ndio unakaza, ukianzia katikati kuelekea nje. Plastiki haitaki nguvu, inataka subira. Asubuhi za Julai huwa kama biskuti: ianike juani kwanza, au imwagie maji ya uvuguvugu, ndipo uiguse. Pini ya plastiki ina kichwa ndani ya kichwa. Sukuma kile kidogo cha katikati kiingie, kikubwa kitalegea chenyewe. Nimeona watu wazima wenye watoto wakiing'oa kwa koleo kama jino. Klipu ya bati nayo huvikwa kwenye sikio la kava, nati yake ikitazama ndani. Ukiivika kinyume, skrubu itazunguka mpaka Krismasi.

Na mahali ambapo mkono haufiki, paka grisi kidogo kwenye ncha ya bisibisi, skrubu itashika hapo. Ombati hakunifundisha hiyo. Niliiba kwa fundi wa saa.

Kanuni yake kubwa ilikuwa ya katoni. Ukifungua kava, unachora pikipiki juu ya kipande cha katoni, unatoboa matundu, na kila skrubu unaichomeka mahali ilipotoka. "Skrubu ikikubakia mkononi si faida," alikuwa akisema, "ni kesi." Mimi nikaongeza kanuni yangu: kuhesabu mara mbili. Kumi na nne zimetoka, kumi na nne zimerudi. Niliiamini hesabu hiyo miaka mingi, na hapo ndipo niliponaswa, kwa sababu hesabu haijui urefu.

Siku yenyewe alikuja kijana anaitwa Mokua, karani wa kituo cha kununulia majani chai. Sikuwa nimemwona kabla. Alikuwa na pikipiki ya buluu aliyoinunua Nairobi kwa mtu, imevishwa kava kichwa mpaka mkia kama mbawakawa. Kava ya mbele, upande wa kulia wa taa, ilikuwa inacheza. Skrubu moja imepotea, pini mbili zimekatika.

"Mia mbili," akasema kabla sijauliza chochote.

"Mia mbili ni ya kuiangalia. Kuigusa ni mia tano."

"Fundi, ni skrubu tu."

"Kama ni skrubu tu, mbona hukuifunga nyumbani?"

Tulipatana kwa mia tatu na hamsini, kila mmoja akiamini amempunja mwenzake, na hiyo ndiyo huwa bei ya haki.

Nikafungua, nikachomeka skrubu kwenye katoni. Ile iliyopotea ilitakiwa iwe fupi, urefu wa ukucha wa kidole gumba. Kwenye kopo langu haikuwepo. Nikavuka barabara hadi duka la vyuma, nikanunua moja, wakanifungia kwenye kipande cha gazeti, nikaitia mfuko wa shati. Niliporudi mawingu yalikuwa yamejaa. Nikaisukuma pikipiki chini ya mabati, nikaibana katikati ya nyingine mbili. Pale usukani haukuweza kugeuka hata kidogo. Hilo nililiona. Sikulijali.

Nikiwa katikati ya kazi, simu ya Mokua ikalia. Akasikiliza, akaniinamia.

"Fundi, malizia haraka. Baba ametolewa hospitali, wananingoja pale nje."

"Anaumwa nini?"

"Jicho. Wamempasua jicho, amefungwa bandeji. Wamesema asirushwerushwe."

"Na kwenu ni wapi?"

"Upande wa Nyamira. Tunapita Keumbu, halafu tunaingia ile njia ya vumbi inayoshuka mtoni."

Mtu akikuambia mzazi wake anangoja, mikono hukimbia mbele ya akili. Mkono wangu ukaingia kwenye kopo, ukatoka na skrubu yenye meno yale yale, nikaiingiza. Iliingia tamu. Wanangu, skrubu ndefu huingia tamu sawasawa na fupi; utamu hauwezi kukuambia imetokea wapi upande wa pili. Nikahesabu: kumi na nne. Nikahesabu tena: kumi na nne. Mokua akalipa, akawasha, akaenda.

Nikaenda kwa mama wa chai. Nikalipa, akanimiminia. Nikarudisha mkono mfukoni kutafuta kama nina sarafu ya mandazi, nikatoa kipande cha gazeti. Nikakifungua nikidhani ni risiti. Ndani yake mlikuwa na skrubu fupi.

Nataka mwelewe nilichokielewa mimi nikiwa nimesimama pale. Nyuma ya kava ile hupita paipu ya breki ya mbele, ule mpira unaopeleka mafuta kwenye gurudumu. Skrubu fupi huishia kwenye chuma. Ndefu hutokeza nyuma, nusu kidole, na meno ya skrubu ni tupa. Pikipiki ikienda mbele kwenye lami, usukani haugeuki sana, paipu haigusi kitu. Lakini kwenye njia mbaya, mtu anapokwenda polepole akikwepa mashimo, anageuza usukani mpaka mwisho, na kila akiugeuza kulia ile tupa inalamba mpira. Inalamba, inalamba, mpaka unatoboka. Na utatoboka pale pale penye kona na mteremko, siku breki inahitajika.

Nami nilikuwa nimeambiwa njia inashuka mtoni, na kwamba anayebebwa ana jicho lililopasuliwa. Namba ya simu ya Mokua sikuwa nayo. Nilichukua mia tatu na hamsini zake nikazihesabu, namba sikuchukua.

Nilikimbia kwanza hadi lango la hospitali. Askari akaniambia vijana wenye pikipiki wanaochukua wazazi wao ni wengi kuliko wagonjwa, nimweleze vizuri. Nikamweleza. "Huyo ametoka kitambo," akasema.

Pale nje palikuwa na dereva wa boda, kijana mrefu aitwaye Nyangau.

"Nipeleke Keumbu, upesi."

"Mia nane. Kwenda na kurudi."

"Mia tano."

"Mzee, unakimbiza mtu ama unakimbizwa?"

"Mia sita, na nikikuambia simama unasimama."

Nimejiuliza mara nyingi ni shetani gani alinifanya nipatane bei saa ile. Mtu yuko hatarini na mdomo unapunguza mia mbili. Mdomo wangu umezoea, huenda kazini hata bila mimi.

Njia nzima nilizipitia zile kumi na nne kichwani, moja moja, nikitumaini kwamba ile ndefu niliiweka mahali pengine, pasipo na paipu. Nikianzia kushoto inafika pale pale. Nikianzia kulia inafika pale pale. Mvua ikaanza, ya matone makubwa machache. Nyangau akapunguza mwendo, nikamgonga bega aongeze. Akaongeza, nikamgonga apunguze, maana tukianguka sisi nani atawafikia wale. "Mzee, amua," akasema.

Keumbu nikashuka penye kituo cha boda. "Mmemwona kijana wa pikipiki ya buluu, ina kava nyingi, amembeba baba yake?"

Wakashauriana kwa Ekegusii, lugha ya Wakisii. Mmoja akasema ndiyo, kijana na mzee wa kofia, buluu, wamepita sasa hivi wameelekea Keroka. Tukawafuata. Kilomita karibu nne za kuomba dua na kulamba mvua. Tulipowapita nikawasimamisha: mzee mzima, kofia kichwani, macho yote mawili yananitazama kwa ubaya, na pikipiki uchi kabisa, haina hata kava ya mnyororo.

"Mnataka nini?" mzee akauliza.

"Samahani, mzee. Nilidhani nyinyi ni wengine."

"Sisi pia tulidhani nyinyi ni majambazi. Haya, nendeni."

Tukarudi Keumbu. Kando ya lami palikuwa na mama anayechoma mahindi, amejifunika mwavuli. Nikamuuliza yale yale: kijana, buluu, baba yake ana bandeji jichoni.

"Wa bandeji nimemwona. Wamenunua mahindi mawili hapa. Lakini huyo si mzee. Ni mama."

"Kijana aliniambia anamchukua baba."

Akanitazama, kisha akaanza kucheka, akicheka huku anageuza mahindi. "Mzee, wewe umezaliwa wapi?"

"Kisii."

"Na kwetu Kisii baba ni nani?"

Ninyi wa huku mmeshanicheka tangu simu ya Mokua ilipolia. Wageni niwaeleze: kwa Ekegusii, *tata* ndiye baba na *baba* ndiye mama. Najua hivyo tangu utotoni. Tulikuwa tukiwatania watoto wenzetu shuleni kwa hilo. Lakini Mokua alinisemesha Kiswahili, nami nikamsikia Kiswahili, na lile neno moja la nyumbani likampita mdomoni bila kubadilisha nguo. Kwa neno hilo nilikuwa nimewapa muda wa kushuka nusu ya mlima.

"Wameingia wapi?"

Akanionyesha kwa koleo la mahindi.

Njia ile ilikuwa mbaya kuliko nilivyoogopa. Mashimo kulia, mtaro kushoto, na mvua imeilainisha juu. Kila kona niliona alama ya tairi imejikunja kulia, nikajua hapo usukani umegeuka mpaka mwisho. Nilikuwa nazihesabu. Moja, mbili. Nilipofika tisa nikaacha. Ni mara pekee maishani nimeacha hesabu katikati.

Tuliwakuta juu ya mteremko wenyewe, ule unaotumbukia mtoni. Mama alikuwa ameshuka, anatembea kando, leso imefungwa kichwani juu ya bandeji, mkono mmoja umeshika hindi. Mokua alikuwa anabishana naye. Baadaye niliambiwa neno lenyewe: mama alikataa kuteremshwa. Alisema jicho moja halitoshi kuona kifo kikija, afadhali atembee. Mokua alikuwa karibu kumshawishi.

"Fundi?" akasema. "Kuna nini?"

Nilipiga magoti kwenye matope, nikageuza usukani kulia, nikaingiza kidole nyuma ya kava. Mpira wa nje ulikuwa umekatwa kama kwa wembe. Nyuzi za ndani zimetoka. Kidole kikarudi kimelowa, nikakinusa: si mvua. Yalikuwa mafuta ya breki.

Kwa bisibisi ya mfukoni nikatoa ile ndefu, nikaweka ile fupi, Nyangau akinishikia kava. Nilipoinuka Mokua alikuwa bado ananitazama, mama naye kwa jicho lake moja.

"Kuna nini, fundi?"

Hapa ndipo, wanangu. Nilikuwa na neno la kweli mdomoni. Lilikuwa fupi, lingetoshea.

"Hakuna," nikasema. "Mimi huwa nafuata kazi zangu, kuangalia kama zimekaa."

"Mpaka huku?"

"Mpaka huku."

Mama akashika mkono wangu kwa mikono yake miwili, hindi likiwa katikati. "Mungu akubariki, mwanangu," akasema. "Wengine hata ukiwalipa hawaonekani tena. Wewe umetufuata na mvua."

Nikamwambia Mokua kwamba hiyo paipu *imechoka*, asipande, asukume mpaka nyumbani, keshokutwa nitamletea mpya. Akauliza ni bei gani. Nikamwambia ipo ndani ya ile mia tatu na hamsini. Nyangau akakohoa nyuma yangu. "Ajabu," akasema, "mimi alinipunguzia mia mbili."

Tukiwa tunarudi, tulipofika lami Nyangau akageuza shingo. "Mzee, ile paipu ilichoka yenyewe ama uliichosha?" Tulipofika mjini nilimwongezea mia na hamsini, na hakuwa ameomba.

Ningependa kuwaambia kwamba yaliishia hapo. Mama Mokua alipona jicho, na tangu apone hakunyamaza. Alisimulia kanisani kwao, akasimulia sokoni, akasimulia kwenye kituo cha chai. Watu wakaanza kushuka kutoka upande wa Nyamira: "Wewe ndiye yule fundi wa kufuata wateja?" Nikifunga kava moja, wanaleta tatu. Ikabidi nianze kufuata kweli. Nikawa nachukua namba ya kila mtu kabla sijashika bisibisi, na jioni napiga: "Usukani unageuka mpaka mwisho, kushoto na kulia?" Hiyo ndiyo kanuni yangu ya mwisho, na ichukueni bure: ukishakaza skrubu ya mwisho, itoe pikipiki nje, geuza usukani pande zote mbili, weka kidole nyuma, sikiliza. Na tangu mwanzo, pima urefu wa kila skrubu kabla hujaihesabu.

Sasa ninalolala nalo ni hili. Wiki iliyopita Mokua alikuja nyumbani. Ana watoto wawili, anawapakia kwenye pikipiki ile ile ya buluu. Kanisani kwao kuna vijana wanaosomea ufundi, na mama yake amewaomba wazee wa kanisa nialikwe Sabato ijayo, mchana baada ya ibada, nizungumze nao kuhusu uaminifu kazini. Mimi, mtu wa Ijumaa. Mama atakaa mbele. Yeye ndiye atakayenisimamisha, na atanisimamisha kwa hadithi ile, jinsi anavyoijua yeye.

Nilikubali kabla sijafikiri, mdomo tena. Tangu siku hiyo nasikia sauti yake ikisema *umetufuata na mvua*. Nikisema ukweli pale mbele, namvua nguo mama mzee mbele ya kanisa lake, aonekane miaka yote alikuwa akimshukuru mtu aliyekaribia kumuua. Nikinyamaza, kuna kijana atatoka pale akiamini kuhesabu kumi na nne kunatosha, na yeye huenda asipate mama anayeogopa mteremko. Nimefikiria kumwendea nyumbani kwanza, tukae wawili, nimwambie, halafu achague mwenyewe kama bado anataka kunisimamisha. Lakini nikifikiria mlango wake, nakaa tena chini.

Ninyi ni vijana, hamjadanganya kwa muda mrefu kama mimi, labda mnaona vizuri zaidi. Niende kwake kwanza, au nisimame niseme mbele ya wote, au nifundishe pini na klipu nirudi zangu? Nishaurini. Ila nishaurini kabla jua la Ijumaa halijazama, kwa maana likishazama kwao ni Sabato, na mama yule hashiki simu.